Gari Lililoogopa Mvua

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na leo ndiyo nimeanza kuandika. Si kwa kupenda. Binti anayetoka hospitali kuja kumfundisha mume wangu kusema upya ameniagiza niandike kila neno jipya atakalotamka, hata likitoka kombo. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, si karani. Akacheka, akasema, "Mama, andika kama unavyoongea." Basi ndivyo nitakavyofanya, na asije kunilaumu.

Kwa sasa la kuandika ni moja tu: "kesho." Kiharusi kilimpiga Desemba, akiwa kwenye gereji yake iliyo ukuta mmoja na nyumba yetu. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakamkimbia isipokuwa hilo. Ukimuuliza kama ameshiba: kesho. Kama anaumwa: kesho. Mafundi wote duniani hutuambia njoo kesho. Wangu, hilo ndilo neno pekee aliloachiwa. Nayasema haya nikicheka, maana nikiacha kucheka sijui nitafanya nini.

Na huyu ndiye aliyekuwa akiitwa Masikio mtaa mzima. Alikuwa anaegesha mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha yake kwenye injini, anafumba macho, kisha anakwambia gari lako linaumwa nini kabla hujamaliza kulalamika.

Binti huyo, ambaye hapa nitamwita Mwalimu, alileta kadi za picha. Kikombe, mpira, paka. Alipomwinulia paka, mume wangu, mtu mzima mwenye mvi zake, akageuka kutazama ukuta. Niliona haya kwa niaba yake. Nikasema moyoni, hapa tumeletewa chekechea.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimeshona kola za sare. Hakuna neno.

Alhamisi, 14 Machi

Sikia hii.

Mwalimu alichelewa. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Mimi niko kwenye cherehani, Mzee yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, kichwa kimeinama kama kawaida ya siku hizi. Mara tukasikia gari linapanda kilima chetu. Linaunguruma kama ng'ombe aliyekwama matopeni, sauti juu, mwendo hakuna. Mzee akainua kichwa. Akainua na mkono wa kushoto, kiganja wazi, ile ishara yake ya zamani ya kusema nyamazeni nisikie. Nikaachia pedali ya cherehani.

Akasikiliza mpaka gari likasimama mlangoni. Kisha akasema, polepole, kama anatoa mwiba:

"Gia."

Mkasi ulinianguka. Mwalimu akaingia akidondoka maji, mwavuli umempindukia, na mimi namrukia kifuani kama mwendawazimu: "Amesema! Amesema gia!"

"Umesema nini, baba?" akamuuliza, akipiga magoti mbele yake na nguo zake mbichi.

"Gia," akasema Mzee, akinyoosha kidole dirishani, kwenye kile kigari cheupe kilichochoka. Halafu, kwa huzuni, kama daktari anayetoa habari mbaya: "Kesho."

Tulicheka wote watatu. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyoanzia mabegani.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji alikuja, mdogo wake Mzee. Hakukaa hata akapoa. Amepata mtu anayetaka kupanga gereji iwe ghala la magodoro, naye anataka jibu masika yakiisha.

"Magodoro," nikasema.

"Shemeji, usinitazame hivyo. Mlango umefungwa tangu Desemba. Vifaa vinaota kutu. Kaka yangu hata neno spana hawezi kulisema."

"Amesema gia."

"Gia," akarudia, akitikisa kichwa. "Gia moja haiendeshi gari."

Alisema hayo mbele ya Mzee, kama vile aliyepotewa na maneno amepotewa na masikio pia. Mzee alisikia kila kitu. Nilimpa Shemeji chai bila sukari, kwa makusudi.

Jumatatu, 18 Machi

Leo Mwalimu hakuja na kadi. Alikuja na ufunguo wa gari, akauweka mezani mbele ya Mzee.

"Baba, mimi ni mgonjwa wako leo," akasema. "Nimezunguka gereji mbili. Zote zimeniambia giaboksi imekufa, nitafute nyingine. Nawe unasemaje?"

Akamweleza taratibu, akikata maneno vizuri, na mimi nikawa nayafuata kama hadithi. Gari ni la zamani na gia zake hujibadilisha zenyewe. Siku nyingine linakwenda vizuri, gia zinapokezana bila hata kuhisi. Siku nyingine linang'ang'ania gia moja nzito. Ukitaka kuondoka linajivuta kama limefungiwa gogo, na hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho halibadilishi. Kitaa kidogo cha gia mbele ya usukani hupepesa. Anaegesha, kesho yake au kesho kutwa limepona lenyewe. Linampeleka kwa wagonjwa mji mzima, watu wasioweza kutoka vitandani, na wiki iliyopita lilimwangusha mara mbili.

Mzee alisimama. Alisimama mwenyewe! Akashika fimbo, akaburuta mguu hadi nje, akanionyesha nifungue boneti.

Hapo nikaona ufundi wa yule binti. Akashika rejeta, akauliza kwa uso mkavu, "Hii ni sufuria?"

Mzee akamkazia macho.

"Basi ni birika?"

"Re... re... Rejeta!" Alifoka. Mate yakaruka. Mwalimu akafuta shavu na kuendelea kama hakuna kilichotokea: "Na hii? Mfuko wa unga?"

"Betri!" Lile neno lilitoka zima, na hasira yake yote, na mimi nikalia nyuma ya boneti wasinione. Nilimdharau binti huyu kwa ajili ya picha ya paka. Kumbe alikuwa anatafuta mlango tu, na alipouona hakuona haya kuziacha kadi zake zote.

Maneno ya leo: rejeta, betri, mkanda, na moja ambalo sitaliandika.

Jumatano, 20 Machi

Mvua mchana kutwa. Mzee aliomba funguo za gereji kwa ishara. Alikaa humo peke yake, akipanga spana kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 21 Machi

Somo la pili la gari, ndani ya gereji sasa. Tulifungua mlango wote na mwanga ukaingia hadi kwenye kuta zenye alama za oili.

Mwalimu aliendesha kidogo hadi barabarani na kurudi, gari lipate moto. Mzee akazuia asizime injini. Akavuta kijiti cha kupimia oili ya gia, akaninyooshea mkono. Nilimpa kitambaa cheupe kutoka kwenye vipande vyangu vya mashati. Akapangusa, akarudisha, akavuta tena, akaigusisha ncha ya kijiti kwenye kitambaa na kukishika kwenye mwanga wa mlango, vile vile ninavyotazama mimi nyuzi za nguo kabla ya kukata. Oili ilikuwa nyekundu safi. Akainusa. Akaniletea na mimi puani.

"Ungua?" akauliza.

"Haijaungua," nikasema. Kitu kilichoungua nakijua, nimechoma mashati ya watu kwa pasi.

Akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kutafuta chembechembe za chuma. Hakuna. Akapiga giaboksi kofi dogo kwa chini, kama unavyompiga farasi.

"Mzima," akasema.

Gereji mbili zimeiandikia cheti cha kifo bila hata kuinusa, na yeye anasema mzima. Akaonyesha tu kwamba oili imepungua chini ya alama. Tukaongeza. Mwalimu akaondoka na gari likipanda kilima kama mwali anayekwenda harusini. Nilijua tumemaliza kazi.

Jumamosi, 23 Machi

Jua. Mwalimu amepiga simu: gari halijasumbua tena. Mzee amekula sahani mbili.

Jumatatu, 25 Machi

Jana jioni mvua ilirudi, leo imeendelea, na Mwalimu alikuja kwa miguu.

Tope lilikuwa hadi magotini. Gari limemwacha njia panda, kule chini, limeng'ang'ania gia ile ile, taa inapepesa, na nyuma yake foleni ya watu wanapiga honi na kumtukana. Vijana wa pale sokoni wakalisukuma pembeni. Niliogopa kwamba atakuja na hasira. Angekuwa na haki.

Mzee alikuwa tayari ameketi gerejini, amevaa ovaroli. Nilikuwa nimeipunguza kiuno ili imkae vizuri, maana amekonda. Alipoona miguu ya Mwalimu, alielewa bila kuambiwa. Uso ulimwanguka. Akachukua spana iliyokuwa mapajani na kuitupa ukutani. Ilikuwa kwa mkono wa kushoto, haikufika mbali. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Kesho," akasema. "Kesho, kesho, kesho." Wiki nzima hakuwa amelitumia neno hilo mahali pasipo pake.

Nilitaka kumkumbatia, au kumfokea, sijui. Mwalimu akanitangulia. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango na tope lake, akavua viatu, akaanza kuvikung'uta kimoja kimoja.

"Baba," akasema, bila kumtazama, "kuna mama mmoja ninamfundisha ng'ambo ya mji. Nilimfundisha kwa kuimba, kwa sababu wengi hufunguka kwa kuimba. Kumbe yeye hakuwahi kupenda kuimba maisha yake yote. Nilimtesa bure. Ikabidi nirudi mwanzo nimwangalie upya. Sikusema kwamba amekufa."

Mvua inapiga mabati.

"Ulisema giaboksi ni nzima. Bado unasema hivyo?"

Nilihesabu mishono ya ovaroli yake ili nisimjibie.

"Mzima," akasema.

"Basi tutazame tena," akasema Mwalimu, akavaa viatu vyake vibichi na kuondoka kwa miguu kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nilibaki mlangoni nikimtazama akiruka madimbwi, mkoba wake umefunikwa na mfuko wa nailoni. Binti mdogo hivi. Nani alimlea?

Alhamisi, 28 Machi

Mzee hakutoka kitandani. Amegeukia ukuta. Mwalimu alikaa naye, hakumlazimisha kitu.

Ijumaa, 29 Machi

Asubuhi niko jikoni, namsikia anaita: "Maji!"

Neno jipya! Nikakimbia na glasi. Akaisukuma. "Maji!" Nikadhani ni ya baridi mno, nikamletea ya vuguvugu. Akaisukuma hiyo pia, ikamwagikia shuka. Nikaleta beseni la kunawa. Akapiga kite. Nikauliza, "Unataka kuoga?" Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaoleta nguo ya kitoto wakitaka niitoe suti ya mtu mzima.

Akashuka kitandani, akaniburuta hadi dirishani. Nje jua limewaka, ardhi inafuka mvuke. Akaonyesha mbinguni. "Maji." Akaonyesha mahali gari la Mwalimu huegeshwa. "Gia." Kisha akaigonga ngumi yake legevu kwa ile nzima. "Maji. Gia."

Ndipo nikaelewa, nikakaa kitandani kwa kishindo. Siku zote gari linaposumbua ni siku za mvua. Jua likitoka, linapona. Tulipoongeza oili mvua ilikuwa imekatika, ndiyo maana tulijiona washindi. Oili haikuhusika kabisa. Alikuwa amelala na uso ukutani jana nzima, na mimi nadhani amekata tamaa, kumbe anafikiri!

"Wewe!" nikamwambia. "Na mimi nimekuletea beseni!"

Mabega yakaanza kutikisika.

Jumatatu, 1 Aprili

Ukurasa huu utakuwa mrefu na kidole kinaniuma, lakini acha uume.

Mwalimu alikuja na gari, hakuna mvua leo. Nilimweleza habari ya maji. Akamshika Mzee mkono, akasema, "Mbona mimi ninayeliendesha sikuliona hilo?" Akasema kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi.

Mzee akapanga mambo kwa vidole na maneno yake machache. Mwalimu akae kwenye usukani, injini inawaka, gia imeingizwa, mguu ukanyage breki barabara, macho kwenye kile kitaa. Magurudumu yakawekewa mawe. Mimi nishike lile kopo la kumwagilia maua. Yeye asimame na fimbo, aelekeze. Wapi pa kumwaga, kiasi gani, lini niache.

Nilianza juu, kwenye boneti. "Hapana," akapaza sauti Mwalimu kutoka ndani. Tukangoja. Upande wa kulia wa injini. "Hapana." Mimi ningekuwa nimemwaga kopo zima popote na kumaliza. Yeye hakukubali. Mahali pamoja, kidogo, ngoja. Mahali pengine, kidogo, ngoja. Nikichanganya, ananigonga kiatu kwa fimbo. Nilikuwa sijui kama uvumilivu unaweza kuwa na ukali kiasi kile.

Shemeji akatokea katikati ya shughuli, akakuta shemeji yake anamwagilia gari.

"Mnalistawisha?" akauliza.

"Nyamaza," akasema Mzee.

Neno zima, safi, kwa mdogo wake. Shemeji akabaki mdomo wazi, na kweli akanyamaza.

Tukafika upande wa kushoto, chini ya betri, panapopita fungu la nyaya kuelekea kwenye giaboksi. Nikamwaga kidogo.

"Inapepesa!" akapiga kelele Mwalimu. "Inapepesa, baba! Inapepesa!"

Mzee alifumba macho. Hakushangilia. Akaonyesha izimwe, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafuta uso kwa kitambaa changu.

Sasa kazi ya pili. Nyaya zimefungwa pamoja kwa tepu nyeusi, zinaingia pasipofikika ila kwa chini, na Mzee hawezi kulala chini. Nilimwona akiitazama ile sakafu. Kabla sijasema kitu, Shemeji akavua koti lake zuri, akalitundika kwenye msumari, akaweka jeki, akaegemeza gari kwenye vyuma vyake, akaingia uvunguni. Nilikuwa nimesahau kwamba ujana wake wote alifanya kazi humu humu, chini ya kaka yake.

"Nyaya naziona nzima, kaka," akasema kutoka chini. "Tepu haijapasuka."

"Hapana," akasema Mzee.

"Nimezitazama zote."

"Hapana. Si... si macho." Akawa anatafuta. Anatafuta neno nalo linamponyoka, mshipa wa shingo umesimama. Mwalimu hakumsaidia, ingawa nilimwona anauma mdomo. Mzee akainua mkono wangu, wangu mimi, akauonyesha wote.

"Vidole," akasema.

Basi nikajifunga kanga, nikaingia uvunguni kando ya shemeji yangu, umri wangu huu. Nikalishika lile fungu la nyaya, nikalipitisha vidoleni polepole kama ninavyotafuta sindano iliyokatikia ndani ya pindo. Gumu, gumu, gumu. Kisha, pale linapobanwa na kipande cha bati kinacholishikilia kwenye bodi, pakabonyea. Laini. Kama ndani pameoza.

"Hapa pana kitu."

Shemeji akapasua tepu kwa kisu. Nje ilikuwa nzima, ila upande wa juu usioonekana palikuwa na tundu la kuchubuka, na ndani yake waya mmoja umechubuka ganda, uko uchi, umeota kutu ya kijani. Kila maji yakirukia hapo, umeme unavujia kwenye bati, na gia zinachanganyikiwa zisijue la kufanya. Kile kibanio kilichowekwa kuulinda ndicho kilichokuwa kinautafuna miaka yote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema nikiwa chali, vumbi limeniingia machoni.

Tulipotoka, Shemeji alikuwa na tope shingoni. Alimtazama kaka yake kwa muda. Mzee hakuwa ameuona ule waya. Hakuwa ameugusa. Aliujua kutoka kwenye ndoo alipoketi.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumeurekebisha. Shemeji alikata sehemu mbovu, Mzee akasokota waya mpya kwa mkono wa kushoto huku mimi nikishika ncha nyingine. "Polepole," ananiambia. "Kaza." "Hapo." Tukalehemu, tukafunga tepu mpya, kile kibanio kikavishwa kipande cha mpira. Mwalimu akamwaga maji kopo zima. Taa haikupepesa.

"Tumemaliza?" nikauliza.

Mzee akatikisa kichwa. Akaonyesha mbinguni. Mvua ya kopo haimtoshi. Anataka mvua yenyewe, barabara yenyewe, kile kilima.

Jumatatu, 8 Aprili

Jua.

Alhamisi, 11 Aprili

Jua tena. Katikati ya masika! Wakulima wananung'unika na mimi nanung'unika nao, ingawa shamba langu ni gari moja.

Jumamosi, 13 Aprili

Mtu wa magodoro alikuja kupima gereji. Ana futi ya chuma inayojirudisha yenyewe kwa mlio. Mzee alikaa palepale kwenye ndoo yake, yule mtu akawa anampitia kama anaruka kiti. Shemeji alikuwa naye. Yule alipouliza, "Na haya makorokoro mtayatoa lini?" Shemeji akajibu, "Tutaona."

Alipokwenda, Shemeji alibaki. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Ile siku ya Desemba, yeye ndiye aliyemkuta kaka yake sakafuni, hilo nalijua. Nisichojua ni kwamba tangu hapo kila akipita na kuona mlango umefungwa, huharakisha hatua asitazame. "Nilitaka pawe na kitu kingine pale, shemeji," akasema. "Chochote. Nipite bila kumwona amelala."

Na mimi nilimwita mchoyo moyoni muda wote huu. Nilimpa chai. Safari hii niliweka sukari.

Jumatano, 17 Aprili

Mawingu, halafu hakuna.

Jumatatu, 22 Aprili

Imenyesha.

Imenyesha kama aliyekopa anayelipa na riba. Alfajiri ngurumo, saa nne barabara imekuwa mto. Mwalimu akafika, na Mzee alikuwa mlangoni na koti lake la mvua tangu asubuhi, kama mtoto anayengoja kupelekwa sherehe. Akaketi mbele, kando ya usukani. Mimi na Shemeji nyuma, magoti kwenye kidevu.

"Twende wapi, baba?"

"Chini. Maji."

Tukashuka hadi njia panda, pale pale alipotukanwa. Dimbwi limejaa barabara nzima. Mwalimu akapunguza, akatazama. "Baba, kina ni kirefu."

"Ingia."

Akaingia. Maji yalipiga chini ya gari kwa kishindo, yakaruka pande zote mbili hadi madirishani. Nilimshika Shemeji mkono, naye akanishika. Macho yetu yote yako kwenye kile kitaa. Mzee peke yake hakukitazama. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekilaza mlangoni, anasikiliza.

Tukatoka upande wa pili, maji yanachuruzika. Mbele yetu kilima. Mwalimu akakanyaga mafuta.

"Moja," akasema Mzee.

Gari likavuta. Nikahisi kitu kidogo, kama mtu anayebadilisha mguu wa kuegemea.

"Mbili."

Likapanda. Mvua inapiga kioo, vifutio vinashindwa, na gari linapanda kana kwamba halijawahi kuumwa.

"Tatu," akasema, na akafumbua macho.

Mwalimu alipofika juu aliegesha pembeni, akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia. Alisema wiki zote alikuwa anaogopa kwamba wakubwa wake watawapunguza wagonjwa wa mbali, wale ambao hakuna mwingine anayeweza kuwafikia bila gari, na yeye hakutaka kutuambia, asije akamtwisha baba mzigo. Mzee alimpapasa bega kwa ule mkono wa kulia. Ule legevu. Aliuinua mwenyewe, ukapanda kwa shida, ukatua. Sijui kama alitambua. Mimi nilitambua.

Shemeji alipiga simu akiwa bado ndani ya gari. Nilimsikia akisema, "Ndugu yangu, tafuta sehemu nyingine ya magodoro. Mwenyewe yupo."

Ijumaa, 3 Mei

Shemeji anakuja kila asubuhi kabla ya shughuli zake. Anajilaza chini, Mzee anaamuru. Wanagombana kama zamani. Mzee sasa humwita "mdogo wangu," na Mwalimu humwita "binti."

Jumatatu, 20 Mei

Masika yanaisha, matone tu jioni jioni. Mwalimu sasa atakuja mara moja kwa wiki. Anasema tunaweza kumpa nafasi mtu mwingine mwenye haja zaidi. Nimemshonea gauni la kijani lenye mifuko mikubwa ya kuwekea kadi zake. Alizunguka nalo gerejini, Mzee akampigia makofi kwa kupiga paja.

Asubuhi hii alikuja mteja mgeni, mtu wa haraka, gari lake linatetemeka likisimama kwenye taa. Nimehamishia cherehani yangu kwenye mlango wa gereji siku hizi, kwa ajili ya mwanga, ndivyo ninavyowaambia watu. Nikainuka kumpokea kama ninavyofanya kila mara. Nikaanza kumweleza kwamba fundi ni mzuri lakini alipata kiharusi, kwamba maneno yanamjia taratibu, kwamba amvumilie, kwamba nitamsaidia kufasiri, kwamba...

"Bwana," akasema Mzee kutoka kwenye ndoo yake.

Tukageuka wote wawili.

"Mke wangu," akasema. Akapumzika. "Mke wangu... anasema sana. Wewe... niambie gari."

Yule bwana akacheka, akaanza kueleza gari lake. Mimi nilirudi kwenye cherehani na kuinamisha kichwa kama ninayetunga uzi. Tangu Desemba amesema rejeta, betri, maji, vidole. Amemwita Shemeji, amemwita Mwalimu. Mimi hakuwa ameniita chochote, na sikuwahi kuliandika hilo humu, maana sikutaka lionekane. Ule uzi sikuutunga. Nilikaa tu pale nikimsikiliza akimsikiliza mtu.